Tezi Dume Inapokua: Mwongozo Kamili wa Kulinda Kibofu na Figo

Baba yangu alificha shuka zilizolowa kwa karibu mwaka mzima. Aliamka kabla ya alfajiri, akafua mwenyewe, akaanika, na sisi wanawe tukadhani mzee amezidi kupenda usafi. Akiulizwa habari za mkojo alijibu bila kusita: "Mimi nakojoa sana, mwanangu. Wenye shida ni wale wasiokojoa." Tulipomfikisha hospitali miguu ilikuwa imevimba na figo zimeanza kulemewa. Kibofu chake kilikuwa kimejaa muda wote huo bila kumalizika, na mkojo wa kitandani ulikuwa ni ziada inayofurika, kama mtungi uliojaa unaoendelea kutiwa maji.

Naandika haya kwa mwanaume aliyevuka miaka 50, na kwa mke au mtoto anayemwona akienda msalani kila mara na hajui aanzie wapi kumuuliza. Wengi huhangaika na ukubwa wa tezi: imefika gramu ngapi, imeongezeka kiasi gani. Ukubwa peke yake hausemi mengi. Yupo mwenye tezi kubwa anayekojoa vizuri, na yupo mwenye tezi ndogo aliyeziba kabisa. Kinachopaswa kulindwa ni kibofu, na nyuma ya kibofu ni figo. Hatua zote zilizo hapa chini zinalenga huko.

Kinachotokea ndani ya mwili

Tezi dume iko chini ya kibofu, imeuzunguka mrija wa mkojo kama pete inavyozunguka kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu. Ujanani huwa na uzito wa gramu 20 hivi. Ndani yake homoni ya testosteroni hugeuzwa kuwa aina yenye nguvu zaidi, dihidrotestosteroni, na hiyo ndiyo inayochochea tezi kuendelea kukua umri unavyosogea. Ikitazamwa kwa hadubini, tezi ya karibu nusu ya wanaume walio katika miaka ya 50 huwa imeshaanza mabadiliko haya, na kwa waliovuka miaka 80 idadi hiyo hukaribia 9 kati ya 10. Si wote hao wanaopata usumbufu.

Mrija hubanwa kwa njia mbili. Kwanza, nyama iliyoongezeka huusonga. Pili, misuli laini iliyo ndani ya tezi na kwenye shingo ya kibofu hukaza. Kumbuka mambo haya mawili, maana dawa nazo ni za namna mbili kwa sababu hiyo hiyo.

Kibofu kinapokuta njia imebana, hufanya kama msuli wowote unaopewa kazi ngumu: hunenepa. Msuli ulionenepa huwa na haraka, hujikunja hata mkojo ukiwa kidogo, ndiyo maana mtu hushikwa ghafla na haja isiyovumilika au huamka mara nyingi usiku. Baada ya miaka msuli huo huchoka, hulegea na kuacha mkojo ndani. Mkojo uliolala huleta maambukizi na mawe ya kibofu, na shinikizo lake linaweza kurudi juu hadi kwenye figo. Hapo ndipo baba yangu alipofika, bila maumivu yoyote ya kumtahadharisha.

Ukuaji huu si saratani, wala haugeuki kuwa saratani. Hata hivyo vyote viwili vinaweza kuwamo katika tezi moja. Ukuaji wa kawaida huanzia sehemu ya ndani, karibu na mrija, kwa hiyo huonekana mapema kwenye mkojo. Saratani nyingi huanzia sehemu ya nje, mbali na mrija, na zinaweza kukaa kimya miaka mingi. Basi kukojoa vizuri hakuthibitishi kwamba huna saratani, na kukojoa kwa shida hakuthibitishi kwamba unayo. Vipimo ndivyo vinavyosema.

Hatua ya 1: Jua dalili zisizosubiri

Nenda hospitali leo hii, usingoje kesho, ukiona lolote kati ya haya:

- Mkojo umegoma kabisa, tumbo la chini limejaa na linauma. Usiendelee kunywa maji ukitumaini yatausukuma. Yataongeza maumivu tu.
- Homa na kutetemeka pamoja na maumivu wakati wa kukojoa.
- Mkojo wenye damu nyingi au mabonge ya damu.
- Miguu kukosa nguvu, ganzi kati ya mapaja, au kushindwa kuzuia haja kubwa, hasa ikiambatana na maumivu ya mgongo. Hapo uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa.

Damu kidogo iliyoonekana mara moja tu bila maumivu nayo inahitaji kuchunguzwa ndani ya siku chache, hata kama imekoma yenyewe. Usiihesabu kuwa ni ya tezi mpaka saratani ya kibofu na ya figo ziwe zimeangaliwa.

Na mzee anayeanza kukojoa kitandani usingizini, jambo ambalo hakuwa nalo awali, huyo asiletewe tu mpira wa kutandikia godoro. Apimwe mkojo unaobaki kibofuni na hali ya figo wiki hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Jipime nyumbani kwa siku 3

Hapa nitakaa kidogo, maana hatua hii haihitaji mashine na wengi huiruka. Tafuta chombo chenye alama za mililita na daftari. Kwa siku 3, mchana na usiku, andika kila unapokojoa: saa ngapi, kiasi gani, na kama ulishikwa ghafla au mkojo ulikuponyoka. Andika pia unachokunywa na saa uliyokunywa. Weka alama saa unayolala na saa unayoamka.

Kisha soma daftari lako. Ukiona kila safari ni kidogo, tuseme mililita 80 hadi 150, kibofu ama hakimaliziki ama kina haraka. Ukiona jumla ya saa 24 inapita lita 3, tatizo huenda ni wingi wa mkojo wenyewe: unywaji uliopita kiasi, au kisukari, ambacho kinapaswa kupimwa mara moja.

Sasa jumlisha wa usiku: kila ulichokojoa baada ya kulala pamoja na mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kwa mtu mzima wa makamo kwenda juu, ukizidi thuluthi moja ya jumla ya saa 24, figo zako zinatengeneza mkojo mwingi mno usiku. Chukua mfano wa mzee aliyekojoa mililita 1,500 kwa siku, na kati ya hizo 700 ni za usiku. Hiyo ni karibu nusu. Huyo anaweza kumeza dawa za tezi miezi mitatu na bado akaamka mara nne, kwa sababu chanzo kiko kwingine: miguu iliyojaa maji ambayo hurudi kwenye damu akilala, moyo uliochoka, au usingizi wa kukoroma na kukatika pumzi. Nimeona wazee wakilaumu dawa na kuziacha wakati hazikuwa na kosa. Daftari hili lingewaonyesha.

Pamoja na daftari, jipe alama. Kuna maswali 7 yanayotumika duniani kote kupima dalili hizi, yakiangalia mwezi 1 uliopita: je, huwa unahisi kibofu hakijaisha, unarudi kukojoa kabla ya muda wa saa 2 kupita, mkojo unakatika na kuanza tena, unashindwa kuuvumilia, mkondo umedhoofika, unajikamua ili uanze, na unaamka mara ngapi usiku. Kwa yale 6 ya mwanzo jipe 0 ikiwa haitokei, 1 ikiwa ni chini ya mara moja kati ya 5, 2 ikiwa ni chini ya nusu ya safari, 3 ikiwa ni karibu nusu, 4 ikiwa ni zaidi ya nusu, na 5 ikiwa ni karibu kila mara. Swali la usiku ni idadi ya kuamka, kikomo 5. Jumla ya 0 hadi 7 ni dalili nyepesi, 8 hadi 19 ni za wastani, 20 hadi 35 ni nzito. Swali la nyongeza ni hili: ungeambiwa utaishi hivi hivi maisha yako yote, ungejisikiaje? Lijibu kwa ukweli, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua matibabu kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 3: Kagua dawa unazotumia sasa

Kabla ya kuongeza dawa, angalia kama ipo inayokuziba. Wanaume wengi hugoma mkojo ghafla baada ya kumeza dawa za mafua. Zile zenye pseudoefedrini hukaza shingo ya kibofu. Zile za mzio za kizazi cha zamani, kama klorofeniramini, hulegeza msuli wa kibofu. Amitriptilini, haiosini inayotuliza mkazo wa tumbo, kodeini na mofini nazo zinaweza kufanya hivyo. Ukinunua dawa ya mafua, mwambie muuzaji kwamba una tezi dume iliyokua.

Dawa za kupunguza maji mwilini, kwa wenye presha au moyo, haziachwi. Lakini muulize daktari kama saa ya kuzimeza inaweza kusogezwa, ili mkojo wake utoke kabla ya kulala na si katikati ya usiku.

Hatua ya 4: Badili tabia, na uzipe wiki 6

Mwenye alama nyepesi na asiyesumbuka sana anaweza kuishia hapa, akirudi kupimwa kila mwaka. Usizidharau hatua hizi kwa kuwa hazina vidonge.

Usijinyime maji. Mkojo mzito huchokoza kibofu na huzidisha kufunga choo. Kunywa lita 1.5 hadi 2 kwa siku, isipokuwa daktari amekuwekea kikomo, na sehemu kubwa iwe kabla ya magharibi. Saa 2 au 3 kabla ya kulala acha kunywa, hasa chai, kahawa na pombe. Kama miguu huvimba jioni, lala chali ukiwa umeiinua kwa saa moja alasiri. Maji yale yatatoka mapema kupitia kibofu badala ya kukuamsha usiku.

Kojoa bila haraka. Mwenye mkojo unaobaki afanye hivi: akimaliza, asubiri nusu dakika hadi dakika moja, asogee au asimame na kuketi tena, kisha ajaribu mara ya pili. Wengine humaliza vizuri zaidi wakikojoa wameketi. Kujikamua kwa nguvu si dawa; kunaweza kuleta ngiri na bawasiri.

Yale matone yanayolowesha nguo baada ya kumaliza huwaaibisha watu sana, na mara nyingi yana tiba rahisi. Mkojo kidogo hubaki kwenye mrija nyuma ya korodani. Weka vidole nyuma ya korodani, bonyeza taratibu na usogeze mbele kuelekea uume, mara mbili au tatu, kisha kung'uta.

Kwa haja ya ghafla, usikimbie. Simama au keti, kaza misuli ile unayoitumia kuzuia upepo usitoke, mara kadhaa kwa haraka, ngoja wimbi lipite, ndipo uende kwa mwendo wa kawaida. Ongeza muda kati ya safari kwa dakika 10 hadi 15 kila wiki. Zoezi hili la kuvumilia si la mtu ambaye kibofu chake hakimaliziki. Huyo apimwe kwanza.

Tibu kufunga choo. Utumbo uliojaa hukibana kibofu kwa nyuma. Na uweke taa kwenye njia ya msalani au chombo cha kukojolea kando ya kitanda, maana mzee anayeharakia gizani anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga, na hilo ni balaa kubwa kuliko tezi yenyewe.

Hatua ya 5: Nenda kwa daktari ukiwa na daftari

Mpe daftari, alama zako na orodha ya dawa zote, pamoja na za mitishamba. Atapima mkojo kutafuta maambukizi, damu na sukari; damu kuangalia figo; na ultrasaundi kabla na baada ya kukojoa. Ukiulizwa uchague swali moja la kumuuliza daktari, uliza hili: "Baada ya kukojoa, kibofu kimebaki na kiasi gani?" Chini ya mililita 50 ni kawaida. Inapopita 200 tena na tena, ufuatiliaji uwe wa karibu. Baadhi ya hospitali zina kifaa cha kupima kasi ya mkojo: mililita 15 kwa sekunde kwenda juu kwa kawaida ni mkondo mzuri, chini ya 10 huashiria kuziba au msuli dhaifu.

Kipimo cha kidole kupitia njia ya haja kubwa ndicho kinachowakimbiza wanaume wengi. Huchukua chini ya dakika moja. Daktari hugusa ukuta wa nyuma wa tezi, ambako saratani nyingi huanzia, akitafuta uvimbe mgumu. Kinachosumbua ni aibu kuliko maumivu, na ni haki yako kuomba pazia, maelezo na subira.

PSA ni kipimo cha damu kinachopima protini inayotengenezwa na tezi. Hupanda kwa saratani, lakini hupanda pia tezi ikikua tu, ikipata maambukizi, au baada ya kuwekewa mpira wa mkojo. Saa 48 kabla ya kupima, usimwage mbegu wala usiendeshe baiskeli kwa nguvu. Ukiwa umetoka kuugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, subiri wiki 6 hivi. Zungumza na daktari kuhusu kipimo hiki kuanzia miaka 50. Kama baba au ndugu yako wa kiume aliwahi kuugua saratani ya tezi dume, au una asili ya Kiafrika, zungumza naye mapema zaidi, kati ya miaka 40 na 45, kwa kuwa hatari yako iko juu.

Hatua ya 6: Elewa dawa kabla ya kuimeza

Kundi la kwanza hulegeza misuli: tamsulosini, alfuzosini, doksazosini. Nafuu huanza ndani ya siku chache hadi wiki 2. Hazipunguzi ukubwa wa tezi. Zinaweza kuleta kizunguzungu unaposimama, kwa hiyo nyingi humezwa jioni, na uinuke kitandani kwa hatua: keti kwanza, kisha simama. Mbegu zinaweza kupungua au kutotoka kabisa wakati wa tendo, haidhuru mwili. Kama unatarajia upasuaji wa mtoto wa jicho, mwambie daktari wa macho kwamba unatumia au umewahi kutumia dawa hizi, maana hubadili tabia ya mboni wakati wa upasuaji.

Kundi la pili huzuia testosteroni kugeuzwa: finasteridi na dutasteridi. Hufaa tezi iliyokua sana na huipunguza kwa takriban robo, lakini polepole, karibu miezi 6. Wanaozitupa baada ya mwezi mmoja wamelipa gharama bila kupata faida. Zinaweza kushusha hamu na nguvu za kiume, na kuleta uvimbe au maumivu ya matiti. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika, kwani kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Na hushusha PSA kwa takriban nusu, hivyo daktari asiyejua unazitumia anaweza kulisoma jibu kuwa zuri ilhali saratani ipo. Mkumbushe kila unapopima.

Makundi haya mawili yanaweza kutumika pamoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba doksazosini na finasteridi kwa pamoja zilipunguza hatari ya ugonjwa kusonga mbele kwa asilimia 66. Tadalafili kila siku kwa dozi ndogo nayo husaidia mkojo na nguvu za kiume, lakini ni marufuku kwa anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua.

Kuhusu mitishamba, nasema kwa upole kwa kuwa najua wengi huanzia huko. Dondoo la matunda ya Serenoa repens, linalouzwa sana duniani kwa ajili ya tezi, lilipimwa katika tafiti mbili kubwa zilizochapishwa 2006 na 2011, na halikushinda kidonge kisicho na dawa. Hatari iliyo kubwa ni muda unaopotea huku kibofu kikitanuka.

Hatua ya 7: Wakati wa upasuaji

Upasuaji haupaswi kucheleweshwa ikiwa mkojo hugoma tena na tena, figo zinaathirika kwa sababu ya kuziba, kuna mawe kibofuni, au damu na maambukizi hayaishi. Unaweza pia kuuchagua kwa sababu dawa zimeshindwa au umezichoka. Njia iliyozoeleka ni kukwangua tezi kwa kifaa kinachopitia njia ya mkojo, bila kuchana tumbo. Mpira wa mkojo mara nyingi huondolewa ndani ya siku 1 hadi 3. Tezi kubwa sana, kuanzia gramu 80 hivi, huondolewa kwa leza au kwa kufungua tumbo.

Baada ya hapo wanaume walio wengi humwaga mbegu kurudi kibofuni; anayetaka mtoto aseme kabla ya kupasuliwa. Uwezo wa kusimamisha kwa wengi hubaki ulivyokuwa. Damu kidogo kwenye mkojo inaweza kurudi wiki ya 2 au ya 3. Usinyanyue mizigo na usijikamue chooni. Jambo linalosahaulika: kinachotolewa ni nyama ya ndani, ganda la nje linabaki. Saratani bado inaweza kuota humo, kwa hiyo PSA iendelee kupimwa.

Ukirudi nyumbani na mpira, mfuko uwe chini ya usawa wa kibofu daima, mpira usikunjike, na oga kwa sabuni na maji kila siku. Usiuvute: ndani una puto lililojazwa maji, na kuuvuta hurarua njia ya mkojo. Mkojo ukiacha ghafla kuingia mfukoni huku tumbo likiuma, mpira umeziba, rudi hospitali.

Kwa anayemtunza mzee

Usimwendee na swali la "una tezi dume?" Wengi watakana. Mwulize usingizi: "Mzee, usiku umeamka mara ngapi?" Hilo hulijibu, na kutoka hapo mazungumzo huendelea yenyewe. Kama hataki kuzungumza na binti au mkwe, mtafute kaka yake au rika lake aliyekwisha kupitia. Baba yangu hakunisikiliza mimi. Alimsikiliza rafiki yake wa miaka 40, aliyemwambia tu kwamba naye aliwahi kuanika shuka alfajiri.